Bomba la Baridi

Wapendwa, naona leo mmevaa. Mama Ilomo pale mbele nimemhesabia sweta mbili na koti juu yake, na Mzee Tweve amekuja na blanketi kabisa. Sisemi kitu. Mwezi wa saba ni mwezi wa saba. Asubuhi sakitu ilikuwa nyeupe kwenye majani ya viazi, na nilipofika hapa kanisani vidole vyangu vilikataa kushika funguo. Kwa hiyo leo sitawapeleka mbali. Nitawapa mfano wa baridi, maana hiyo tunaijua wote, na ninyi mtanisaidia.

Palikuwa na bibi mmoja, tuseme aliishi milimani kama sisi, na bibi huyu alikuwa bingwa wa kuziba. Mnajua ninachosema. Kila mwaka mahindi yakishavunwa, yeye alianza kuizunguka nyumba yake na ndoo ya udongo na mfuko wa matambara. Ufa wa dirisha, anaziba. Tundu la ufunguo, anaziba. Chini ya mlango alikuwa na gunia lililokunjwa na kushonwa vizuri kama mto, na ole wako uingie usilirudishe mahali pake. Majirani walimtania kwamba hata habari haziingii nyumbani kwake mpaka zibishe hodi. Naye hakukasirika. Alijua nyumba ikivuja upepo watoto wanakohoa, na yeye watoto wake sita walikua bila kukohoa.

Tusimcheke. Nani hapa hana gunia mlangoni? Mnaona, mko kimya.

Sasa bibi huyu alikuwa na mkwe, mke wa mwanawe wa mwisho, naye alikuwa mjamzito. Mimba yake ya kwanza iliharibika, ya pili ikaharibika. Hii ya tatu ilikaa. Lakini mtoto hakusubiri, alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati wake, mtoto njiti, mdogo hivi, kichwa chake kinaenea kwenye kiganja. Wakakaa hospitali wiki saba, mama amemfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, na mtoto akawa anaongezeka polepole. Bibi akipelekewa habari kwamba mjukuu ameongezeka uzito, anapiga vigelegele peke yake jikoni.

Siku moja nesi akamwita baba wa mtoto. Nesi huyu alikuwa mama wa makamo, mpole wa sura, lakini neno lake halipindiki. Akamwambia, "Baba, mtoto yuko tayari kurudi nyumbani. Nyumba yako ndiyo sina hakika nayo. Ninajua baridi ya huko kwenu. Huyu bado hawezi kujipasha joto mwenyewe."

"Tutawasha jiko la mkaa chumbani, Nesi."

"Ukiwasha jiko la mkaa kwenye chumba kilichozibwa utamzika mtoto na mama yake kwa pamoja. Nataka joto, na nataka joto lisilo na moshi. Nitakuja mwenyewe Ijumaa kuangalia. Nikikuta chumba kina joto, mama na mtoto wanabaki. Nikikuta baridi, ninageuza nao."

Basi yule baba, mkulima wa viazi, hakulala juu ya neno hilo. Alinunua hita ya gesi, ile ya kufungwa ukutani, inayochoma gesi ndani ya sanduku lake na kutoa joto chumbani. Na kwa kuwa si kitu cha kubahatisha, akamleta fundi. Fundi alikuwa mwanamke, alijifunza kazi hiyo kwenye mahoteli ya watalii, amevaa ovaroli na kofia ya sufi, ana pimamaji mfukoni. Akatazama ukuta, akapima, akachora duara mbili kwa penseli, akachukua tindo na nyundo.

Bibi alipoona tindo linagusa ukuta wake, wapendwa, alisimama katikati.

"Mwanangu," akamwambia fundi, "nyumba hii nimeiziba miaka arobaini. Wewe umekuja kuitoboa?"

"Matundu mawili tu, Mama."

"Hata hilo moja limezidi."

"Bila matundu hamna joto, Mama. Naomba nipite."

Mwanawe akambembeleza, akamkumbusha mjukuu, na kwa ajili ya mjukuu bibi akasogea. Lakini alikaa kwenye kigoda akiangalia kila kipande cha tofali kinachodondoka, na kila kipande kilimuuma.

Nataka mwone kazi ilivyofanyika, kwa sababu fundi huyu alikuwa mzuri. Alipitisha mabomba mawili ukutani, yakatokea nje. La juu aliliinamisha kidogo kurudi upande wa hita, akaweka pimamaji, akaangalia, akainamisha tena kidogo, ili majimaji yanayojikusanya ndani yake yarudi na kutoka kwa njia yake, yasilale bombani. Kule nje mdomo wa bomba hilo aliuweka mbali na dirisha, na mbali na lile bomba la chini, ili moshi unaotoka usivutwe tena ndani. La chini akaligeuza mdomo kwa kiwiko, ukatazama ardhini, mvua isiingie. Akatia wavu panya wasijenge humo. Kwenye wavu bibi akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Hapo umefanya la maana." Kila kiungo kikapakwa gundi, na pengo kati ya bomba na ukuta likajazwa saruji. Bibi aliomba hiyo saruji aijaze yeye mwenyewe, akaachiwa, na fundi alikiri hajawahi kuona saruji iliyolala vizuri hivyo.

Kisha wakawasha. Wapendwa, chumba kile kilipata joto! Si joto la jikoni la kuungua uso huku mgongo unaganda, hapana, joto lililotulia chumba kizima. Baba wa mtoto akavua koti, akavua sweta, akabaki na shati, akawa anajishangaa. Bibi akafungua shuka yake mabegani, kitu ambacho majirani hawajawahi kukiona mwezi wa saba. Akamshika fundi mikono yote miwili, akamwita mwanangu, na safari hii alimaanisha.

Fundi alikuwa anakusanya vifaa, gari lake linapiga honi barabarani. Bibi akamuuliza, "Haya mabomba yako yanaitwaje, nisije nikaulizwa nikakosa la kusema?"

Fundi akajibu huku anafunga mkoba, "La juu ni bomba la moshi, Mama. La chini ni bomba la baridi." Akaaga, akapanda gari.

Bomba la baridi. Shikeni jina hilo.

Ijumaa ikafika. Asubuhi na mapema baba akaenda hospitali kumchukua nesi, na kwa kuwa gari la kukodi ni moja, mama na mtoto wakapanda humo humo. Wakikuta joto wanashuka, wakikuta baridi wanarudi. Bibi akabaki nyumbani. Alishatandika kitanda, alishafagia, alishachinja kuku. Akaingia chumbani mara ya mwisho kukagua, akanyoosha mkono akaligusa lile bomba la chini. Lilikuwa la baridi kama jina lake. Tena lilikuwa limetoa jasho, matone madogo madogo juu ya plastiki, yanateleza yanadondoka sakafuni.

Bibi akasimama akifikiri. Huyu mtoto tumemngoja miaka minane. Daktari anasema joto, nesi anasema joto. Na hapa, futi nne kutoka kitandani pake, kuna bomba la kuleta baridi?

Akatoka nje, akazunguka, akaweka kiganja chini ya mdomo wa bomba. Kweli, hewa ya sakitu ilikuwa inavutwa kwenda ndani. Niambieni, wapendwa, wewe ungefanya nini? Bibi aliyeziba nyufa miaka arobaini angefanya nini?

Alivua sweta yake. Si kuukuu, ni ile nzito ya kijivu aliyoletewa na binti yake, sweta ya kuendea kanisani. Akaikunja, akaisukuma ndani ya kiwiko mpaka ikagota kwenye wavu, akaikandamiza kwa mti wa mwiko, akaweka na udongo kidogo pembeni. Aliziba vizuri. Katika maisha yake yote hakuwahi kuziba vizuri kuliko hapo. Akaenda jikoni, nyumba ya nje, akakaa na sufuria yake ya kuku, anaimba, moyo wake mweupe.

Saa tano gari likaingia. Bibi akatoka mbio na vigelegele, akaona blanketi kifuani kwa mkwe wake na kofia ndogo ya sufi inachungulia. Nesi akamzuia kwa mkono. "Shikamoo, Mama. Ngoja kwanza niingie mimi."

Akaingia. Akatoka. Hakukaa hata dakika mbili.

"Baba," akasema, "chumba kimepoa. Hita yenu imezimika, kuna taa nyekundu inawaka. Samahani sana. Tunageuza."

Mama wa mtoto machozi yalimshuka tu. Wiki saba kwenye kitanda cha hospitali anachogawana na mgonjwa mwingine, na nyumba yake iko hapo, mlango uko wazi, kitanda chake anakiona. Baba akakimbilia hita. Akabonyeza kitufe, ikawaka, ikazima. Akabonyeza, ikawaka, ikazima. Akatikisa mtungi, ukasikika umejaa. Hata hivyo akaubadilisha, akafunga mwingine. Ikawaka, ikazima. Sasa hasira ikampanda. Akampigia fundi simu, akaweka sauti kubwa wote wasikie aibu yake.

"Fundi, umetufanyia nini? Mtoto yuko mlangoni anarudishwa!"

"Taratibu, kaka. Kuna mtu amegusa mabomba?"

"Nani aguse? Hakuna aliyegusa!"

Na bibi, kwa uchungu wa kumtetea mwanawe, akainama kwenye simu akasema kwa sauti, "Hakuna aliyegusa kitu, Fundi! Nimelinda mwenyewe tangu asubuhi. Tena lile la baridi nimeliziba kabisa, hakipiti kitu!"



"Mama," fundi akasema polepole, "umeziba nini?"

"Lile la chini. Si ulisema la baridi?"

"Mama yangu. Hilo ndilo linaloipa hita pumzi. Moto hauwaki bila hewa. Hiyo hewa ya baridi unayoisikia inaingia kwenye hita tu, chumbani haifiki. Hita inaichukua, inaichomea gesi, na joto lote mlilolipata siku ile lilitoka humo. Ukiiziba, inazima yenyewe ili isiwadhuru." Kisha akasema, "Na kosa ni langu, Mama. Nilikuwa na haraka. Nililiita bomba kwa kile kinachoingia, sikuliita kwa kazi linayofanya."

Bibi hakungoja simu iishe. Alizunguka nyumba, akapiga magoti kwenye nyasi za sakitu, akaingiza mkono, akavuta. Sweta ikatoka imejaa udongo. Ndani baba akabonyeza kitufe. Ikawaka. Wakangoja. Ikaendelea kuwaka.

Nesi akatazama saa yake, akatazama kile kibunda kifuani, akasema, "Nina nusu saa." Akakaa kitandani, akaweka kipimajoto juu ya mto, akapokea bakuli la mchuzi. Nusu saa ilipotimia alishavua koti lake mwenyewe. Akamwambia mama wa mtoto, "Ingia ndani, mwanangu. Karibu nyumbani kwako." Na bibi alikuwa bado nje, amesimama ukutani na sweta chafu mkononi, anaogopa kuingia. Nesi akamfuata.

"Nilitaka asipate baridi," bibi akasema, akalia kama mtoto.

"Najua, Mama," nesi akajibu. "Njoo umshike. Anakungoja."

Akaingia, akashika. Na mtoto huyo, kama mnataka kujua, alinenepa mpaka akawa mzigo wa kubebwa kwa zamu.

Mnacheka, na mimi ninacheka. Ni mfano mzuri, unaisha vizuri, tungeweza kusema amina tukaenda zetu kunywa chai. Lakini niambieni kitu kimoja. Nani aliuzima moto wa nyumba ile? Mwizi? Mchawi? Jirani mwenye wivu? Hapana. Aliuzima mtu aliyempenda yule mtoto kuliko wote. Aliuzima kwa upendo, na kwa ufundi, na kwa sweta yake nzuri ya kanisani. Na aliuzima kwa sababu kitu kinachoulisha moto aliletewa kwa jina baya, naye akaamini jina.

Sasa sisi.

Usharika wetu umepoa. Tusifichane. Tangu Pasaka tunaimba kama watu wanaosoma risiti. Baraza la wazee tumekaa juu ya jambo hili mara tatu, na tumefanya nini? Tumebadilisha spika. Tumebadilisha mwalimu wa kwaya, mtu mzuri kabisa, tukamwonea. Tumebonyeza kitufe, tumebonyeza tena, tumetikisa mtungi na mtungi umejaa. Neno la Mungu limejaa, wapendwa. Halikupungua hata kidogo.

Nani kati yenu anakumbuka ni nini kilibadilika Pasaka?

Nitawakumbusha, kwa sababu sahihi ni yangu. Kuna ndugu zetu wa ng'ambo ya mto. Lazima wakamue kwanza, wafikishe maziwa kwa mnunuzi, ndipo washuke bonde na kulipanda kwa miguu, wengine na watoto mgongoni. Wanafika wimbo wa kwanza umeshaimbwa. Kila wakifungua mlango ule wa nyuma upepo ulituingia shingoni, na sisi tukalalamika. Tukawapa jina. Tuliwaita nani? Semeni, msione haya. Wachelewaji. Nimelisikia kwenye kikao, nimelisikia kwenye kwaya, nimelitumia mwenyewe hapa madhabahuni. Wachelewaji. Tuliwaita kwa ule upepo wanaoingia nao. Hakuna aliyewaita watu waliokwisha kufanya kazi kwa saa tatu na kutembea saa moja na nusu kabla sisi hatujafunga vifungo. Hakuna aliyesema kwamba zile sauti nzito za nyuma, zilizokuwa zinaubeba wimbo wote, zilikuwa zao.

Basi tukaweka utaratibu. Wimbo wa kwanza ukiisha, mlango ufungwe kwa komeo mpaka mwisho wa mahubiri, watu wasisumbuliwe na baridi. Tulifanya kwa nia njema. Tulikuwa tunawafikiria wazee wetu na vifua vyao. Tuliziba vizuri sana, na mimi nikasaini.

Nyamazeni kidogo. Tegeni sikio kule nyuma.

Mmesikia? Ni mtoto anakohoa, na yuko upande ule wa nje wa mlango.

Mzee Chaula, najua utaratibu unasemaje, uliuandika wewe na ni mwandiko mzuri. Naomba utoe hilo komeo. Ndiyo, sasa hivi, mahubiri hayajaisha. Baridi itaingia, na iingie. Fungua mlango wote, baba.

Karibuni. Karibuni ndani, ndugu zetu, msisimame hapo. Mlio kwenye mabenchi, sogeeni, jibaneni, Mzee Tweve hilo blanketi linatosha watu watatu. Shikamoo, mama. Mtoto mpe huyo dada akushikie, ukae, upumue. Mtusamehe. Tulianza bila ninyi, tumeanza bila ninyi Jumapili nyingi, na ndiyo maana mnatukuta tumepoa hivi. Mwalimu wa kwaya, tafadhali, turudie wimbo wa kwanza.